Uchaguzi wa Uingereza: Labour walipata kura pungufu kuliko 2019 walipoangushwa, wakaondoka na viti 411. Tuielewe hesabu hii kabla ya 2029

Mwanarufiji (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Uzi huu ni mrefu, naomba tuvumiliane.

Nasoma michango mingi ya Waswahili kuhusu siasa za Uingereza, wa nyumbani na wa huku, na karibu yote inapima kwa kipimo cha uchaguzi wa rais: chama fulani kina asilimia ngapi nchi nzima, kiongozi fulani anapendwa au kachokwa. Kwa kipimo hicho huwezi kuelewa kilichotokea Julai 4, 2024. Na kama unaishi huku na una haki ya kupiga kura, kipimo hicho kitakufanya uitupe kura yako. Hili la pili ndilo linaloniuma zaidi, nitalifikia.

Huku hakuna kura ya Waziri Mkuu. Karatasi unayopewa kituoni ina majina ya wagombea ubunge wa jimbo lako, basi. Majimbo yako 650. Anayeongoza jimboni ndiye mbunge, hata akiongoza kwa kura moja, hata kama robo tatu ya jimbo haikumtaka. Chama kitakachofikisha wabunge 326 kinaunda serikali bila kumbembeleza mtu. Kwa hiyo usiku ule hufanyika chaguzi 650 ndogo, kila moja na vita vyake.

Sasa tazameni. Mwaka 2019, chini ya Jeremy Corbyn, Labour walipata kura milioni 10.3 na viti 202. Watu wakasema chama kimekufa. Mwaka 2024, chini ya Keir Starmer, walipata kura milioni 9.7 na viti 411. Kura zimepungua zaidi ya nusu milioni, viti vimezidi mara mbili. Kwa asilimia walitoka 32.1 wakafika 33.7, na hicho kipandio kidogo kimetokana pia na watu wengi kubaki nyumbani, maana waliojitokeza ni kama asilimia 60 tu ya waliojiandikisha, kiwango cha chini kuliko chaguzi zote tangu 2001.

Kwa hiyo kusema Waingereza walimpenda Starmer ni kujidanganya. Kilichotokea ni kwamba Conservative, chama kilichokuwa madarakani, waliporomoka kutoka asilimia 43.6 hadi 23.7, na viti kutoka 365 hadi 121. Kuporomoka huko kulikuwa na sababu ambazo mtu wa kawaida alizihisi mfukoni na mwilini. Sherehe za Downing Street, ofisini kwa Waziri Mkuu, wakati wananchi wamefungiwa ndani na korona. Bajeti ya Waziri Mkuu Liz Truss ya Septemba 2022, iliyopandisha riba za mikopo ya nyumba ndani ya siku chache. Mfumuko wa bei uliofika asilimia 11.1 Oktoba mwaka huo. Foleni ya matibabu ya NHS, huduma ya afya ya umma, iliyokuwa na kesi zaidi ya milioni saba. Mawaziri wakuu watano katika miaka 14. Halafu Rishi Sunak, Waziri Mkuu wa mwisho kati ya hao, akaitisha uchaguzi Mei 22 akiwa amesimama kwenye mvua, na wiki mbili baadaye akaondoka mapema kwenye kumbukumbu ya miaka 80 ya kutua kwa majeshi Normandy. Hilo la Normandy wazee wa huku hawakumsamehe kabisa.

(Kwa wasiojua: baba yake Sunak alizaliwa Nairobi na mama yake Tanganyika. Lakini serikali yake ndiyo iliyowazuia wahudumu wa nyumba za wazee kuja na familia zao kuanzia Machi 11, 2024, na ndiyo iliyosukuma hadi mwisho mpango wa kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda. Asili ya mtu haikuambii atatawala vipi.)

Hizo kura za Conservative zilikwenda wapi? Hapa ndipo pa kutulia.

Mwaka 2019 Nigel Farage aliondoa wagombea wa chama chake, Brexit Party, katika majimbo 317 yaliyokuwa ya Conservative, ili kura za upande wao zisigawanyike. Boris Johnson, kiongozi wa Conservative wakati huo, akavuna. Mwaka 2024 chama hicho hicho, kikiitwa sasa Reform UK, kilisimamisha wagombea karibu kila mahali, na Farage mwenyewe akaingia dakika za mwisho, Juni 3, kugombea Clacton. Akashinda, baada ya kuangushwa mara saba miaka ya nyuma. Lakini kazi kubwa aliyoifanya ilikuwa kwenye majimbo aliyoshindwa.

Chukueni South West Norfolk, jimbo la Liz Truss. Mwaka 2019 alikuwa na ziada ya kura zaidi ya 26,000. Mwaka 2024 aliangushwa na mgombea wa Labour kwa kura 630. Huyo wa Labour alipata asilimia 26.7 tu! Watu wa Norfolk wale hawakugeuka kuwa Labour. Mgombea wa Reform alichukua zaidi ya kura moja katika kila tano, mgombea binafsi akachukua nyingine nyingi, na aliyebaki mbele kidogo akawa mbunge. Hadithi hiyo, kwa sura tofauti, ilijirudia majimbo mengi sana.

Sasa linganisheni vyama vilivyoshika nafasi ya tatu na ya nne kwa kura. Reform walipata kura milioni 4.1, sawa na asilimia 14.3. Viti: 5. Liberal Democrats walipata kura milioni 3.5, asilimia 12.2. Viti: 72. Na Liberal Democrats hao hao mwaka 2019 walikuwa na kura nyingi zaidi, milioni 3.7, wakaambulia viti 11.

Kura za Reform zilidondoka nchi nzima kama manyunyu, zikalowesha kila mahali bila kujaza mtungi. Liberal Democrats walifanya kinyume. Walichagua majimbo ya kusini mwa England, Surrey, Oxfordshire, Somerset na kwingine, ambako wao ndio walikuwa wa pili nyuma ya Conservative, wakamwaga huko watu na pesa zao zote. Kiongozi wao, Sir Ed Davey, akawa anaanguka kwenye maji ya ziwa Windermere mbele ya kamera ili watu wamsikilize akizungumzia maji machafu yanayomwagwa mitoni, kisha akazungumza kwa uzito kuhusu matunzo ya wagonjwa na wazee, kwa kuwa yeye mwenyewe analea mtoto mwenye ulemavu. Na katika majimbo hayo wafuasi wengi wa Labour waliwapigia Liberal Democrats kwa makusudi ili kumwondoa Conservative. Kwenye jimbo la jirani ambako Labour ndio walikuwa wa pili, wafuasi wa Liberal Democrats wakawapigia Labour. Hakuna mkataba uliosainiwa. Wapiga kura walisoma hesabu wenyewe.

Scotland hivyo hivyo. SNP, chama kinachodai uhuru wa Scotland, walipata asilimia 30 ya kura za huko, Labour 35. Pengo dogo, lakini viti ni 9 kwa 37. Na kabla hamjawaonea huruma SNP, kumbukeni 2015 mfumo huu huu uliwapa viti 56 kati ya 59 kwa nusu ya kura za Scotland, mwaka ambao UKIP, chama cha Farage cha wakati huo, ilipata kura milioni 3.9 na kiti kimoja.

Naishi Leicester, niseme ya hapa pia. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, halmashauri ya mji huu ilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije. Wakaja. Leo ukiingia maduka ya Belgrave ukasalimia kwa Kiswahili, mzee anaweza kukujibu na kukuambia alizaliwa Jinja, Kisumu au Mwanza. Jimbo la Leicester East lilikuwa la Labour tangu 1987. Mwaka 2024, usiku ambao Conservative walikuwa wanachinjwa nchi nzima, Leicester East ndilo jimbo pekee walilolinyakua kutoka kwa Labour. Kwa nini? Wabunge wawili wa zamani wa Labour, Keith Vaz na Claudia Webbe, wote walisimama kivyao dhidi ya chama chao cha zamani. Shivani Raja wa Conservative alishinda kwa tofauti ya kura 4,426, na kura za hao wawili zikijumlishwa zinazidi tofauti hiyo kwa mbali. Ng'ambo ya mji, Leicester South, Jonathan Ashworth aliyekuwa anategemewa kuwa waziri aliangushwa na mgombea binafsi, Shockat Adam, kwa kura 979. Hapo suala lilikuwa Gaza, wala hakuna aliyelificha. Wagombea binafsi wa namna hiyo walichukua pia Blackburn, Dewsbury na Batley, na Birmingham Perry Barr, na Corbyn, aliyefukuzwa Labour, akabaki na Islington North yake. Kwetu Tanzania sheria bado haimruhusu mtu kugombea bila chama, kwa hiyo tunasahau nguvu ya mtu mmoja anayejulikana mtaani kwake.

Sasa lile linaloniuma.

Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali, akiwa na miaka 18, ana haki ya kujiandikisha na kupiga kura kwenye uchaguzi mkuu. Huhitaji uraia wa Uingereza. Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda (Rwanda imeingia Madola mwaka 2009) wote wamo. Viza ya masomo, ya kazi, ya ndoa, zote sawa, almuradi iwe hai. Tangu sheria ya 2022 unatakiwa kuonyesha kitambulisho chenye picha kituoni, na pasipoti ya nchi ya Madola inakubalika. Mimi nilipiga kura kwa pasipoti ya Tanzania, na karani aliitazama picha, akanitazama usoni, akanipa karatasi.

Nakutana na watu wetu wenye miaka kumi huku, wanalipa kodi, wanauguza wazee wa nchi hii usiku kucha, na wanaamini kwamba kura ni ya wenye pasipoti nyekundu au ya bluu. Jimbo la Hendon, kaskazini mwa London, lilikwenda Labour kwa kura 15. Basildon and Billericay lilibaki Conservative kwa kura 20. Harusi moja ya kwetu ina watu wengi kuliko hao.

Kuhusu 2029. Kisheria uchaguzi ujao lazima ufanyike kabla ya katikati ya Agosti 2029, ila Waziri Mkuu anaweza kuuitisha wakati wowote kabla ya hapo. Tangu katikati ya 2025 kura nyingi za maoni zimeiweka Reform mbele. Mei 1, 2025 waliteka halmashauri kumi, na siku hiyo hiyo kwenye uchaguzi mdogo wa Runcorn and Helsby walichukua kiti kwa kura 6, jimbo ambalo Labour walikuwa wamelishinda kwa ziada ya zaidi ya 14,000 miezi kumi tu nyuma. Watu wanasema Farage hawezi kuwa Waziri Mkuu kwa sababu Waingereza wengi hawamtaki. Rudini kwenye hesabu. Mwaka 2024 asilimia 33.7 ilizaa asilimia 63 ya viti. Reform walikuwa wa pili katika majimbo 98, na 89 kati ya hayo yalichukuliwa na Labour. Chama chenye asilimia 14 kilichotawanyika kinapata viti 5. Kikifika karibu na 30 wakati wengine wanne wanagawana zilizobaki, kinaweza kuchukua nchi huku watu saba kati ya kumi wakiwa hawakukichagua.

Na hili linatugusa moja kwa moja. Septemba 2025 Reform waliahidi kufuta ukaazi wa kudumu, ule tunaouhangaikia miaka mitano. Labour nao walitangaza mwaka huo huo nia ya kuisogeza hiyo miaka mitano iwe kumi kwa walio wengi, na Julai 2025 wakafunga mlango wa kuajiri wahudumu wa wazee kutoka nje. Kwa hiyo siwaambii chagueni chama hiki au kile. Nasema fahamu jimbo lako: nani alishinda, nani alikuwa wa pili, pengo ni kura ngapi. Kisha uamue.

Karibuni.

---

Bi Mkunazini

Ahsante sana kaka, uzi umeshiba. Mimi niko Milton Keynes muda sasa, nina viza ya kazi, na barua ya halmashauri ya kujiandikisha huja kila mwaka. Naiweka kabatini kwa kudhani imeletwa kimakosa. Wenzangu waliniambia ukijiandikisha wakati huna uraia utaharibu maombi yako ya ukaazi. Kuna ukweli?

Mwanarufiji

Dada yangu, hakuna ukweli. Kujiandikisha ukiwa una haki ni jambo halali na halidhuru viza. Kinachodhuru ni kudanganya uraia wako kwenye fomu, kwa hiyo andika Tanzania na usione haya. Barua hiyo hailetwi kimakosa. Halmashauri inatakiwa kumwalika kila anayeonekana ana haki, na asiyejibu kabisa anaweza kutozwa faini ya pauni 80. Unahitaji namba yako ya National Insurance (bima ya taifa) na dakika chache kwenye mtandao. Tena benki hutazama daftari la wapiga kura unapoomba mkopo au hata mkataba wa simu, kwa hiyo kuwemo kunakusaidia.

Usingoje uchaguzi uitishwe. Mwaka 2024 mwisho wa kujiandikisha ulikuwa Juni 18, wiki mbili na ushei kabla ya kura, na wengi walizinduka wakati mlango umeshafungwa.

---

Mkenya wa Luton

Ndugu, umeeleza vizuri lakini umekuwa mpole mno na mfumo wenyewe. Kwetu Kenya, rais lazima apate nusu ya kura na moja zaidi, tena robo ya kura katika angalau kaunti 24. Akikosa, mnarudi debeni. Hawa waliotufundisha demokrasia wanampa mtu nchi kwa theluthi moja! Ukigawa kura kwa viti, mbunge mmoja wa Labour amegharimu kura kama 23,600. Mbunge mmoja wa Reform amegharimu zaidi ya laki nane. Mimi siwapendi Reform hata kidogo, lakini hilo ni dhuluma kwa waliowapigia.

Mwanarufiji

Ndugu yangu, nakubaliana nawe kwamba ni dhuluma, na ningependa viti vifuate uwiano wa kura. Ila kumbuka hata Kenya wabunge wa majimbo mnawachagua kwa mtindo huu huu wa anayeongoza, mlirithi kama sisi tulivyorithi.

Waingereza waliulizwa Mei 2011 kama wanataka mpiga kura awapange wagombea kwa namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Asilimia 68 walikataa. Ule haukuwa hata uwiano kamili, ulikuwa nusu ya njia, na uliangukia mikononi mwa Nick Clegg, kiongozi wa Liberal Democrats wakati huo, wakati watu wana hasira naye kwa ada za vyuo vikuu. Ugumu uko hapa: anayeweza kubadili mfumo ni yule aliye madarakani, na aliye madarakani amefikishwa pale na mfumo huo. Labour walioshinda viti 411 hawana haraka. Watakuja kuikumbuka hoja hii siku watakapokuwa na asilimia 20 na viti vichache.

Kitu kimoja nisichotaka kipotee ni mbunge wa jimbo. Mbunge wa huku ana siku za kukaa kusikiliza shida za watu wa jimboni, na hakuulizi ulimpigia nani. Watu wetu wenye faili zilizokwama uhamiaji wamesaidiwa na barua za wabunge. Scotland na Wales wameonyesha kwamba unaweza kuwa na uwiano bila kukosa mtu wa kumwandikia.

---

Msambaa wa Berkshire

Mkuu, heshima kwako. Mimi nitakuwa tofauti na wengi hapa. Nina kampuni ndogo ya huduma za wazee majumbani, nimeajiri Watanzania na Wazimbabwe. Labour wamepandisha mchango wa mwajiri wa National Insurance kutoka 13.8 hadi 15 tangu Aprili 2025, na wameshusha kiwango unachoanzia kulipa kutoka pauni 9,100 hadi 5,000 kwa mwaka. Kwa biashara ya mishahara midogo, hicho cha pili ndicho kinachoua. Mimi ni Conservative na sijifichi. Kodi nafuu, familia, kazi, hayo ndiyo niliyolelewa nayo Lushoto. Kemi Badenoch, aliyechaguliwa kiongozi wa chama mwaka 2024, anasema mambo ninayoyaelewa. Unaniambia kura yangu ni ya kutupa?

Mwanarufiji

Mkuu, hapana, na nafurahi umesema wazi. Hoja yako ya kiwango cha pauni 5,000 ni ya kweli na wengi wanaobeza hawajawahi kulipa mshahara wa mtu.

Kura yako ina nguvu au haina kutegemea unapoishi. Kama jimbo lako Conservative ni wa kwanza au wa pili kwa pengo dogo, piga na uwaburuze na majirani. Kama ni wa tatu nyuma sana, na wanaopigania kiti ni Liberal Democrats na Labour, au Labour na Reform, basi jiulize ni yupi kati ya hao wawili ungeweza kuishi naye. Wenye chama chako walilipa gharama kubwa 2024 kwa kutojiuliza hivyo: majimbo mengi kura za Conservative na Reform zikiunganishwa zilizidi za mshindi. Wapo ndani ya chama wanaotaka muungano na Farage kwa sababu hiyo, na wapo wanaosema ukiungana naye kusini unazidi kuwasukuma wapiga kura wa Surrey kwa Ed Davey. Sioni jibu rahisi kwao. Badenoch anavutwa pande mbili kwa kamba moja.

Ila nikuombe kitu kama mwajiri: katazo la familia za wahudumu lililetwa na chama chako. Waulize wagombea wako watalifanyaje.

---

Nesi wa Bristol

Shikamoo kaka. Mimi nilipiga kura mara ya kwanza 2024, Bristol Central, nikampigia Carla Denyer wa Greens, chama cha mazingira. Kila mtu wodini aliniambia naipoteza kura. Akamshinda Thangam Debbonaire wa Labour, aliyekuwa awe waziri, kwa kura zaidi ya elfu kumi! Nilichagua kwa sababu ya Gaza na kwa sababu ya kodi za nyumba, maana nusu ya mshahara wangu inaishia kwa mwenye nyumba. Sasa wana kiongozi mpya, Zack Polanski, na vijana wengi nawaona wanahamia huko. Je, wana nafasi zaidi ya vile viti vinne vya 2024?

Mwanarufiji

Marahaba mdogo wangu. Hukuipoteza hata kidogo, na waliokuambia vile walikuwa wanatazama asilimia za nchi nzima. Greens 2024 walichagua majimbo manne, Bristol Central, Brighton Pavilion, Waveney Valley na North Herefordshire, wakayashinda yote manne kwa asilimia kama 7 tu ya kura za nchi. Mawili ya mjini yenye vijana, mawili ya shambani yenye wakulima na wastaafu. Ni kazi ya akili sana ile.

Nafasi wanayo, kwa sababu walimaliza wa pili nyuma ya Labour katika majimbo kadhaa ya miji mikubwa, London, Manchester, Sheffield na kwingineko. Hayo yamejaa watu wenye hasira uliyoieleza. Tena Julai 2025 serikali ilitangaza kwamba itashusha umri wa kupiga kura kuwa miaka 16. Hofu yangu iko kwenye majimbo ya aina ya Runcorn. Pale Greens wakipata kura elfu mbili, na Labour ikaanguka kwa sita, mshindi ni Reform. Kwa hiyo Bristol piga kwa moyo wako wote. Ukihamia Cheshire, kwenye Runcorn yenyewe, hesabu upya.

---

Mtu wa Goma

Ndugu zangu, mimi ni Mkongomani, niko Glasgow. Naona Watanzania na Wakenya munafurahi, sisi je? Nina ukaazi wa kudumu tayari.

Mwanarufiji

Ndugu, kwa uchaguzi mkuu wa Uingereza, Kongo na Burundi hazimo kwenye Madola, kwa hiyo mpaka upate uraia. Lakini kwa kuwa uko Scotland, sheria yao ya 2020 inamruhusu kila mgeni anayeishi pale kihalali kupiga kura ya Bunge la Scotland na ya halmashauri. Wales nao wana mlango kama huo. Shule za watoto wako na hospitali unayotibiwa vinaamuliwa Edinburgh, kwa hiyo kura hiyo si ndogo. Jiandikishe leo.

---

Bi Mkunazini

Kaka, nimejiandikisha jana usiku, nimepata ujumbe wa kuthibitisha. Nimebakiwa na maswali mawili. Mume wangu kwao Unguja lakini pasipoti yake ni ya Oman, anaingia? Na mimi zamu zangu ni za masaa kumi na mawili mfululizo, nikitoka siwezi hata kusimama. Vituo vinafungwa saa ngapi?

Mwanarufiji

Hongera dada! Shemeji kwa pasipoti ya Oman haingii. Kama ana uraia mwingine wa nchi ya Madola hapo sawa, ila kuzaliwa Unguja peke yake hakutoshi.

Vituo vinafunguliwa saa moja asubuhi mpaka saa nne usiku, na ukiwa kwenye foleni saa nne inapogonga bado unapewa karatasi. Kwa zamu zako nakushauri uombe kura ya posta, huhitaji kutoa sababu yoyote. Bahasha itakuja nyumbani na fomu mbili: karatasi ya kura yenyewe, na fomu ya sahihi na tarehe ya kuzaliwa. Hiyo ya pili ndiyo inayowaangusha watu. Wengine huandika tarehe ya siku hiyo badala ya tarehe ya kuzaliwa, na kura inatupwa. Sahihi ifanane na ile uliyoiweka kwenye maombi. Itie posta mapema, na ukichelewa unaweza kuipeleka mwenyewe kituoni siku ya kura kabla ya saa nne usiku, wakujazishe fomu fupi. Sheria mpya inakuruhusu kupeleka yako na za watu wengine wasiozidi watano, kwa hiyo kama una wenzako wa zamu ya usiku, panganeni.